Karamu za Manga, Nchi Isiyokuwa na Ikulu

Ukiwa soko la Daraja Mbili mjini Kisii, ukaiacha mikungu ya ndizi na kuinua macho kuelekea upande wa Nyamira, utauona mwamba wa Manga umesimama juu ya mji. Huko juu ndiko Abagetutu, mojawapo ya koo kubwa saba za Wagusii, walikojikusanya baada ya vita, baridi na njaa kuwatoa nyanda za Kabianga. Adui akipanda kutoka bondeni alionekana mapema. Wapiganaji walikaa mbele, ng'ombe wakawekwa nyuma, na katikati, kwenye miji ya wazee, kulikuwa na vyungu vya pombe.

Vyungu hivyo ndivyo vilivyonipandisha Manga.

Nilikuwa nimesoma habari za wafalme wa Ireland wa zama za kati, jinsi walivyoishi na walivyokula na wageni wao, na kila nilipofungua ukurasa nilizidi kuona kwamba mambo yale si mageni. Nyumba za mviringo za fito. Mali inayohesabiwa kwa ng'ombe. Vijana wanaovizia mifugo ya jirani usiku. Pombe ya nafaka, maziwa ya mgando, mpiga kinubi aliyetengewa mahali pake. Ukibadilisha majina ungedhani unasoma habari za Kitutu, nchi ya Abagetutu. Jambo moja tu halikulingana: watu wa Ireland walikuwa na wafalme, na Wagusii, kama tulivyofundishwa shuleni, hawakuwa nao.

"Ikulu unaitafuta huku?" aliuliza kijana wa boda boda tulipokuwa tukiikata milima, mashamba ya chai yakishuka pande zote mbili za barabara. "Ikulu ndogo umeiacha Kisii mjini. Huku ni majani chai na ng'ombe wa maziwa tu." Akacheka, akaongeza mwendo.

Kijana yule alikuwa na haki ya kucheka, kwa sababu sote tukisikia habari za ikulu ya mfalme wa Ulaya tunafikiria minara, kuta za mawe na ngazi za marumaru. Mfalme wa Ireland wa mwaka 700 hakuwa na kitu cha namna hiyo. Mwanahistoria Francis John Byrne alikadiria kwamba wakati wowote kati ya karne ya 5 na ya 12 kisiwa kile kilikuwa na wafalme wasiopungua 150. Gawanya watu wa kisiwa kizima kwa idadi hiyo, utaona kwamba wengi wao walitawala watu elfu chache tu, kiasi ambacho leo kinaenea katika kata moja ya Nyamira na nafasi ikabaki. Sheria iitwayo Críth Gablach, iliyoandikwa karibu na mwaka 700, inaipima nyumba ya mfalme: futi 37, na ndani vitanda kumi na viwili. Futi 37 ni mita kumi na moja na kidogo. Kuna vibanda vya sherehe Kisii vinavyozidi hapo.

Na nyumba hizo zilikuwa za fito. Mahali paitwapo Deer Park Farms, katika kaunti ya Antrim, wanaakiolojia walifukua katika miaka ya 1980 nyumba za mviringo zilizofumwa kwa fito za mti uitwao heizeli, ukuta wa ndani na wa nje, katikati pamejazwa majani makavu ya kuzuia baridi. Miimo ya mlango mmoja ilikuwa mizima kiasi kwamba wataalamu waliweza kusoma umri wake: mti ulikatwa mwaka 648. Fundi wa nyumba za zamani wa Manga angeielewa kazi ile bila mkalimani.

Kilichomfanya mfalme awe mfalme kilikuwa namna alivyowalisha watu. Críth Gablach inampangia wiki yake. Jumapili ni ya kunywa pombe na watu wake, na sheria inatamka wazi kwamba asiyewapa pombe Jumapili si mtawala halali. Jumatatu ni hukumu. Jumanne ni mchezo wa ubaoni uitwao fidchell. Jumatano ni kutazama mbwa wakiwinda, Alhamisi ni ya mke, Ijumaa mbio za farasi, Jumamosi hukumu tena. Ni wiki ambayo mwanasiasa yeyote wa Kenya angeitia saini bila kuisoma mara ya pili.

Ndani ya nyumba kila mtu alikuwa na pake. Walinzi upande wao, wajumbe, wageni, washairi, wapiga vinubi, wapiga filimbi, wachekeshaji, na kwenye kona mateka waliofungwa pingu. Huko Tara, kilima cha wafalme wakuu katika kaunti ya Meath, upo mtaro wa udongo wenye urefu wa mita 200 hivi ambao masimulizi yanasema ulikuwa ukumbi wa karamu, Tech Midchúarta. Katika Kitabu cha Leinster, cha karne ya 12, kuna mchoro wa ukumbi huo, na kila kiti kimeandikiwa nani anakaa na anapewa kipande gani cha nyama. Hadithi zao zimejaa mapigano ya mashujaa waliogombania kipande cha heshima. Kuna moja, ya nguruwe wa Mac Dathó, ambamo nyama inapogawanywa kila shujaa anasimama kujisifu na kumtukana mwenziwe, na mwisho damu inamwagika ukumbini. Aliyewahi kusimamia mgao wa nyama kwenye sherehe ya ukoo hatashangaa sana.

Sasa turudi Manga.

Ni kweli Wagusii wote kwa pamoja hawakuwa na mfalme. Kila ukoo ulikuwa na ardhi yake na wazee wake, na shauri lilipotokea wazee walikaa kwenye baraza la etureti wakasikiliza hadi mchana ukaisha. Lakini Kitutu kulizuka jambo jingine. Katika karne ya 19 mashambulizi ya Wakipsigis na Wamaasai yalizitawanya familia nyingi za koo nyingine, nazo zikapanda kwa Abagetutu kuomba hifadhi. Waliitwa abamenyi, watu wanaokaa kwenye ardhi ya wenyewe. Walipewa mahali pa kulima na mara nyingine ng'ombe wa kukama, na wao wakawa watu wa mwenyeji wao: wanapigana upande wake, wanamlimia, wanamsikiliza. Mlango wa Nyakundi ndio uliosimama juu ya mpango huo, na mkubwa wake akaitwa omogambi, mwenye kuamua. Cheo kilipita kutoka baba hadi mwana. Kitutu ikakua hadi ikawa na watu wengi kuliko eneo lolote la Wagusii.

Mabwana wa Ireland walifanya hivyohivyo. Walimpa mtu ng'ombe, na yule mtu akarudisha vyakula, kazi, na karamu za majira ya baridi ambamo bwana alikuja na watu wake kukaa na kula. Mfalme wa kule alikuwa kwanza tajiri wa mifugo anayejua kukopesha. Kwa kipimo hicho, Nyakundi wa Kitutu alikuwa mfalme kamili. Kama angezaliwa Meath badala ya Manga, leo watalii wangekuwa wanalipa kiingilio kuona mahali alipokunywa pombe.

Hapa Manga watu hulipa nauli ya boda boda na kwenda kutazama ngoro, lile shimo la mwambani lenye hadithi zake, kisha hupiga picha za bonde. Siku ya anga safi huonekana hadi Ziwa Viktoria. Hakuna kibao kinachoeleza habari za karamu.

Mzee mmoja wa huko, ambaye kila mtu alimwita Omogaka kwa heshima ya umri wake, alinitembeza kwenye kiunga chake huku akionyesha kwa fimbo mahali mambo yalipokuwa zamani za babu yake. Sasa pana migomba, parachichi na zizi la ng'ombe wawili wa kizungu. "Hapa nyumba ya mke mkubwa," alisema. "Pale wa pili. Pale wa tatu, aliyekuja na maneno mengi." Kila nyumba ilikuwa na maghala yake ya wimbi, yameinuliwa juu ya miguu ya miti kuyaepusha na unyevu na panya. Nyumba ya mke iligawanywa ndani: upande mmoja jiko na mahali pa mama na watoto, upande wa pili eero, sebule ya mume, nayo ilikuwa na mlango wake. Mgeni wa mume hakupita jikoni. Aliingia kwa mlango wa wanaume akakuta chungu kimemngoja.

Nilimuuliza hiyo pombe ilitoka ghala la nani, kwa maana wimbi ni jasho la wanawake. Alisimama, akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la maana kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Mwanamume alikuwa na emonga," alisema. "Shamba lake mwenyewe. Wake wote wanalilima, lakini mavuno ni yake. Hilo ndilo la kualika watu."

Jibu hilo linaeleza mengi kuhusu madaraka. Chakula cha watoto kilikuwa mikononi mwa kila mama, na mume hakuruhusiwa kukigusa ovyo. Emonga ilikuwa bajeti ya siasa. Mwenye wake wengi alikuwa na mikono mingi kwenye emonga, kwa hiyo na pombe nyingi, kwa hiyo na wageni wengi, na wageni walipozidi, maneno yake barazani yalizidi uzito. Pombe hiyo pia ndiyo iliyoita risaga, kundi la majirani wanaokuja kulima au kuvuna shamba la mtu kwa siku moja, na jioni wanaketi kunywa. Asiye na nafaka ya kupika pombe hakupata risaga, na asiyepata risaga hakupata nafaka. Tajiri alizunguka na kurudi palepale, na maskini vilevile.

Pombe yenyewe, amarwa kwa Ekegusii na busaa kwa wengi wetu, ina kazi ndefu ambayo wanawake ndio wanaoijua. Mama mmoja wa upande wa Nyamira alinionyesha hatua moja ambayo haina haraka: kukaanga. Unga ulikuwa umekandwa na maji siku kadhaa kabla, ukafunikwa hadi ukachacha na kutoa harufu kali. Sasa aliumwaga kidogo kidogo kwenye bati pana juu ya mafiga matatu, akiugeuza kwa mwiko mrefu bila kupumzika, moshi ukimfuata popote aliposimama. Mabonge yalivunjika yakawa chenga, chenga zikabadilika rangi hadi hudhurungi. Aliokota moja akaitafuna, akasikiliza inavyokatika mdomoni, akatikisa kichwa, akaendelea kugeuza. Baadaye chenga hizo huanikwa juani, huchanganywa na maji na kimea cha wimbi kilichosagwa, na pombe huanza kuchemka yenyewe ndani ya chungu. Zamani ilikuwa wimbi tupu. Siku hizi mahindi ndiyo yanayobeba kazi kubwa, na wimbi limebaki kwenye kimea.

Wanywaji huzunguka chungu kimoja kikubwa, maji moto yakiongezwa kila pombe inapozidi uzito, kila mtu na mrija wake mrefu uliofungwa kichujio kwenye ncha. Urefu wa mrija una faida yake: watu wanaweza kukaa mbali na chungu, migongo ukutani, na kila mmoja akabaki kwenye nafasi inayomstahili. Mzee aliye juu kwa nasaba hukaa kwenye kigoda chake, na vigoda vya Kisii vyenye nakshi za shanga ndivyo hivyo ambavyo leo vinauzwa kwa bei kubwa kwenye minada ya Ulaya na Marekani. Vijana hukaa chini au husimama mlangoni.

Lakini umri peke yake hautoshi kumpa mtu nafasi. Juu yake ipo sheria ya chinsoni, haya ya heshima baina ya kizazi cha baba na kizazi cha mwana. Baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Mkwe na mama mkwe hawakaribiani. Maneno ya mwilini hayasemwi mbele ya mtu wa kizazi kinachofuatana na chako. Babu na mjukuu, kwa upande mwingine, wanataniana watakavyo, hata matusi ya mzaha. Kwa hiyo mwenye karamu akipanga watu huwa anapiga hesabu ya vizazi kichwani: huyu ni baba kwa yule ingawa wamelingana umri, hawa wawili ni babu na mjukuu, waacheni wakae pamoja wachekeshe wengine. Mchoro wa Tara uliandikwa kwenye ngozi. Wa Manga uko vichwani mwa wazee na unabadilika kila mgeni anapoingia.

Nilikuja kuuona mchoro huo ukifanya kazi kwenye sherehe ya mahari katika kijiji kimoja cha Nyamira. Ilikuwa Jumapili, siku ileile ya sheria ya Ireland. Mahema meupe yalikuwa yamesimamishwa uani, spika zikinguruma, mshereheshaji akitangaza kwa Kiswahili, Kiingereza na Ekegusii katika sentensi moja. Ng'ombe wa mahari walikuwa wamefungwa kando, na wazee wa pande zote mbili waliwazunguka wakiwapapasa migongo na kutazama viwele, wale wa upande wa binti wakipata kasoro ambazo wale wa upande wa kijana hawakuziona kabisa.

Wageni walipoanza kukaa, mzee mwembamba mwenye kofia ya pama alipita katikati ya viti vya plastiki. Hakuwa na orodha. Alimgusa bega mwanamume mmoja aliyevaa suti ya bei, mgeni wa kutoka Nairobi, akamnong'oneza. Yule bwana akainuka na kuhamia hema la pili bila kubisha. Jirani yangu alinieleza: bwana yule angeketi mkabala na mama wa mkewe, na hema zima lingekosa hamu ya kula. Pesa zake zilikuwa zimemtangulia mezani, lakini hazikumtafutia kiti.

Chakula kilitoka jikoni kwa mpangilio uleule. Wazee wa upande wa wakwe walipelekewa kwanza, sebuleni, si hemani. Obokima bwa wimbi, ugali mweusi, mzito, uliletwa ndani ya ekee, kikapu kilichofumwa kikakazwa kiasi kwamba ugali hukaa humo saa nzima na bado unaunguza vidole. Pembeni chinsaga, mboga chungu iliyochemshwa muda mrefu na kulazwa na maziwa mpaka uchungu wake ukapoa ukabaki ladha. Kuku. Nyama ya kuchemsha, nyama ya kuchoma, matumbo. Kibuyu cha maziwa ya mgando kilipita mkono kwa mkono, na hapo nilikumbuka kwamba watu wa Ireland wa zama zile walikula hivyohivyo majira ya joto: maziwa, mtindi, siagi na jibini, nyama ikingoja majira ya baridi. Katika magofu ya Lagore, makao ya wafalme wa Brega yaliyojengwa ziwani na kufukuliwa miaka ya 1930, mifupa iliyopatikana kwa wingi ilikuwa ya ng'ombe.

Busaa ilikuwepo, chungu kimoja, nyuma ya nyumba, kwa wazee Wakatoliki waliojua njia. Wengine wote walikunywa soda. Kisii ni nchi ya Waadventista Wasabato, na Msabato halisi hagusi pombe wala hali nguruwe. Wamisionari wa Kikatoliki wa Nyabururu na Waadventista wa Nyanchwa walifika kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza, wakalazimika kuondoka kwa muda Wajerumani walipoingia mjini Kisii Septemba 1914, wakarudi, na tangu hapo karamu za Wagusii zimekuwa na milango miwili: wa chupa za soda na wa chungu. Kreti za soda nazo zimepata itifaki. Wazee huulizwa wanataka ya rangi gani. Vijana hupewa iliyobaki.

Mpiga obokano hakuwepo, na nilisikitika. Obokano ni kinubi cha Wagusii chenye nyuzi nane, kikubwa kuliko vinubi vya majirani wote wa Afrika Mashariki, sauti yake nzito ya chini inatetema kifuani kabla haijafika masikioni. Nilikuwa nimemsikia mpigaji mmoja siku chache kabla, ameketi kwenye kigoda, chombo kimeegemezwa mbele yake, akiimba majina ya watu waliokuwa wamesimama pale, mmoja mmoja, sifa kwa huyu na kejeli kwa yule, na kila aliyetajwa alitoa noti bila kuombwa. Washairi wa Ireland waliogopwa kwa sababu hiyo. Hadithi yao moja inamtaja mfalme Bres, aliyempokea mshairi Cairbre kwenye kibanda kisicho na moto wala kitanda, akampa vikate vitatu vikavu. Asubuhi mshairi akamtungia shairi la kumkejeli, na ufalme wa Bres ukaanza kuporomoka siku hiyo. Kwenye sherehe ya Nyamira kazi hiyo alipewa mshereheshaji, naye alimkejeli tu mjomba aliyekuja na mbuzi mmoja badala ya wawili.

Kilichoumaliza utawala wa vyungu wa Manga ni bunduki na kodi. Mwaka 1905 Waingereza walituma kikosi cha adhabu, wakaua watu na kuteka mifugo. Mwaka 1907 wakajenga boma Kisii. Januari 1908 kijana Otenyo, akichochewa na mwaguzi Moraa, alimchoma mkuki ofisa Geoffry Northcote, ambaye Wagusii walimwita Nyarigoti. Northcote alipona, na miaka mingi baadaye akawa gavana wa Hong Kong. Wagusii walilipa kwa mamia ya watu na maelfu ya ng'ombe, kiasi kwamba Winston Churchill, wakati huo naibu waziri wa makoloni, aliandika kuhoji kama mauaji ya watu wasio na kinga kwa kiwango kile yalikuwa ya lazima. Ng'ombe wakaenda. Baadaye serikali ikazivunja ebisarate, makambi ya mifugo ambako vijana waliishi na kujifunza vita. Mwenye nguvu mpya alikuwa chifu anayelipwa mshahara.

Machifu nao wakajifunza haraka kwamba mshahara bila karamu haumpi mtu heshima. Chifu mkuu Musa Nyandusi wa Nyaribari aliweka mji mkubwa wa wake wengi na watoto wengi zaidi, na mmoja wa wana hao, Simeon Nyachae, aliyezaliwa mwaka 1932, alipanda kutoka utumishi wa mikoani hadi kuwa mkuu wa watumishi wa umma na baadaye waziri wa fedha. Alipofariki Februari 2021, viongozi wa pande zote za siasa walifika Kisii kumzika.

Leo Kisii na Nyamira zina msongamano ambao omogambi wa zamani asingeuamini. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira, na mashamba mengi yamegawanywa hadi kufikia robo eka. Emonga haipo tena, kwa kuwa hapana ardhi ya kuitenga. Ng'ombe wa karamu hununuliwa sokoni, na pesa hukusanywa kwa kamati za simu na namba ya malipo. Ungedhani mchoro wa viti ungepotea pamoja na ng'ombe. Kwa maoni yangu umekazana zaidi. Shamba likipungua, kiti ndicho kinachobaki cha kumwonyesha mtu yeye ni nani katika ukoo, na ndiyo maana mzee mwenye kofia ya pama hufanya kazi ngumu kuliko mshereheshaji, ingawa halipwi.

Anayetaka kupaona mahali penyewe, matatu za Nyamira hutoka Kisii mjini tangu alfajiri, na boda boda za kupanda Manga hazikosekani. Beba sweta, jua likizama huko kuna baridi. Mtafute mzee wa kukutembeza kabla ya kwenda kwenye ngoro, na umlipe, kwa sababu anayoyajua hayajaandikwa popote. Na ukibahatika kualikwa sherehe, simama mlangoni mpaka mtu akuonyeshe kiti chako.